Riba Huandikwa Siku ya Kuuza

Wanangu mnaouza mchele hapa Wang'uru, Mwea, vuteni viti mketi. Sina ugomvi na mtu. Nimezeeka, na uzee wangu umeona jambo moja likirudi msimu baada ya msimu, kiasi kwamba siku hizi nacheka kabla ya kusikitika.

Zamani mpunga wote wa Mwea ulikuwa wa Bodi ya Umwagiliaji. Bodi ndiyo iliyonunua, Bodi ndiyo iliyopanga bei, na aliyekuwa na kinyongo alikimeza na ugali wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wakachoka, wakaikataa Bodi, na kila mtu akapata uhuru wa kumuuzia amtakaye. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Ila uhuru wa kuuza ulikuja na mwenziwe, uhuru wa kukopesha, na huyo wa pili hatujamjulia mpaka leo.

Mnunuzi anakuja na lori kutoka Nairobi. Amevaa vizuri, anausifu mchele wako wa pishori, ananusa kiganja kizima na kufumba macho. Anasema atalipa baada ya siku 30. Wewe una magunia yamejaa ghalani, karo inadaiwa, mwenye mashine ya kukoboa anadai. Ungemwambia, "Ndugu, ukichelewa utanilipa riba kiasi hiki kwa mwezi, tia sahihi hapa," lakini unaona haya. Unaona kama umemtukana mgeni kabla hajamaliza chai. Basi lori linaondoka na maneno matamu, na ankara yenyewe imeandikwa kiasi tu.

Siku 30 zinakuwa 90. Simu inapokelewa, kisha inapokelewa na karani, kisha haipokelewi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwaka ukipita, yule aliyeona haya kutaja riba sasa anaitaja kwa sauti kubwa, tena anaipigia hesabu mwenyewe, kwa kiwango alichokipanga usiku akiwa na hasira. Kisha anamwendea wakili na neno moja: mfilisini!

Naielewa tamaa hiyo. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inasema kampuni inayodaiwa shilingi 100,000 au zaidi ikipelekewa hati ya madai, na siku 21 zikapita bila kulipa wala kuafikiana, inaweza kuhesabiwa kuwa haiwezi kulipa madeni yake, na mdai akaenda Mahakama Kuu kuomba ifilisiwe. Silaha hiyo ina makali, na mara nyingine mdaiwa mwenye pesa na woga hulipa siku ya 20. Lakini majaji wetu wamerudia kusema kwamba ufilisi haukuwekwa uwe njia ya kukusanyia madeni. Deni likiwa na ubishi wa kweli, ombi hutupwa, na wewe ukabebeshwa gharama za mwenzako. Sasa niambieni, kuna kitu rahisi kubishiwa kuliko riba ambayo haikuandikwa popote? Bei ya gunia anaikubali, risiti ya kupokea mzigo ina sahihi yake. Umeichanganya na riba ya kubuni, na wakili wake amepata pa kushika.

Tuseme umeshinda, kampuni imefilisiwa. Unadhani utakula peke yako kwa kuwa wewe ndiwe uliyebisha hodi? Wenye dhamana, hasa benki, huchukua walichoshikilia. Gharama za mfilisi hutolewa. Wafanyakazi hulipwa malimbikizo ya mshahara, hadi miezi minne na hadi shilingi 200,000 kwa kila mmoja. Serikali huchukua kodi yake. Kisha ndipo mnaitwa ninyi wenye ankara tupu, wa mchele, wa maziwa na wa sabuni, mgawane kwa uwiano. Riba iliyokubaliwa huhesabiwa pamoja na deni mpaka siku ufilisi unapoanza. Riba ya baada ya hapo ni ukoko wa chunguni: haukwanguliwi mpaka kila mtu ameshiba wali, na katika nyumba iliyofilisika wali wenyewe hautoshi.

Mnakumbuka Nakumatt, ile kampuni ya maduka makubwa. Tembo wa nembo yake alikuwa kila mji, na kumuuzia Nakumatt ilikuwa sifa ya kutajwa harusini. Januari 2018 Mahakama Kuu ikaiweka chini ya msimamizi, Peter Kahi. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Matawi sita yaliyobaki yalinunuliwa na mshindani wake, Naivas, kwa shilingi milioni 422, na madeni yalikuwa zaidi ya bilioni 30. Pigeni hesabu: hata kama pesa hizo zingegawiwa wadai wote bila kumlipa msimamizi wala karani, kila shilingi iliyodaiwa ingepata chini ya senti moja na nusu. Aliyekuwa akikesha akihesabu riba yake alikuwa akihesabu upepo. Kampuni ya maduka ya Uchumi nayo ilifunga milango 2006, ikafunguliwa, wauzaji wakarudi mbio na mizigo yao, na 2020 ikabidi wadai wake waketi tena kupigia kura mpango wa maafikiano. Siwalaumu waliorudi. Mwenye bidhaa hupenda rafu ndefu.

Sasa mnachoweza kufanya. Andikeni riba kabla ya mzigo kupakiwa: tarehe ya kulipa, kiwango kwa mwezi, kinaanza lini, na sahihi ya mtu mwenye mamlaka ya kutia sahihi. Kiwango kiwe cha kiungwana, kwa maana riba ya kukomoa mahakama huikataa. Benki zenyewe, tangu 2007, zimekatazwa na sheria kudai riba inayozidi kiasi kilichobaki cha mkopo siku ulipoharibika. Ikiwa benki imefungwa mdomo, wewe mwenye magunia 50 usifungue wako kupita kiasi.

Siku ya 31, daini. Daini kwa maandishi, kwa adabu. Akilipa kidogo, mwambie akiri salio kwa maandishi, kwa kuwa deni la mkataba hufa mahakamani baada ya miaka sita, na kukiri kwa maandishi au kulipa sehemu huianzisha hesabu upya. Deni lisilozidi milioni moja lipelekeni Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa ili kesi ziishe ndani ya siku 60, na huko unaweza kusimama mwenyewe. Na kampuni ikiwa imeshaanguka, usisuse. Mpelekee mfilisi uthibitisho wa deni lako na karatasi zote, ukiandika riba mpaka siku ya ufilisi. Sehemu ya aliyesusa hugawanwa na waliofika.

Najua msimu ujao mtakopesha tena. Mvua ikitishia na mpunga uko kwenye turubai, hakuna mzee atakayewazuia, nami sitajaribu. Mkopeshe. Lakini dereva asiwashe injini kabla karatasi haijatiwa sahihi, na akinuna, mwacheni anune. Anayekataa kuandika atalipa lini amekwisha kuwaambia, tena bure, kabla hamjapoteza hata gunia moja.