Mungu Hakuiti kwa Namba

Masomo ya kutafakari: Isaya 43:1-4, 1 Wafalme 21:1-16, Yakobo 5:1-6, Luka 19:1-10

 

 Leo tuongee kuhusu kazi, na hasa kuhusu kampuni kubwa: zinavyomtendea mfanyakazi, mteja, na yule mdogo anayejaribu kufanya biashara pembeni yake. Usiseme haya ni mambo ya wachumi na wanasiasa. Ukitoka Korogwe kwenda Mombo na Mazinde, utaona mkonge umepangwa mistari mpaka macho yachoke. Katika mistari ile kuna habari ya imani yetu.

Mkonge uliletwa mkoani Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche ilitoka Florida, Marekani, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka miche hiyo michache yalizaliwa mashamba makubwa yaliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani kwa mkonge. Lakini mkonge haujikati. Walihitajika watu, na watu wakafuatwa mbali: Songea, Njombe, Kigoma, hata Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kutafuta vibarua, ikajulikana kama SILABU.

Watu hao waliitwaje? Waliitwa manamba. Neno hili limetokana na namba. Mtu alitoka kwao na jina alilopewa na babu yake, wengine na jina la ubatizo, akafika shambani akawa namba. Alipewa kipande cha siku 30 za kazi. Siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa. Miiba ilimchoma, utomvu ulimwasha, na jioni karani aliangalia idadi ya mafungu, hakuangalia mtu. Pengine wewe unayesoma hapa ni mjukuu wa mmoja wao. Wengi hawakurudi kwao, walibaki hapa hapa.

Sasa fungua Isaya 43. Taifa la Mungu liko uhamishoni, limekuwa mali ya wakubwa wa Babeli. Mungu anawaambia nini? Anawaambia wasiogope, kwa kuwa yeye amewaita kwa majina na wao ni wake. Naye Yesu katika Yohane 10 anasema mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake. Umeona tofauti? Mchungaji wa mshahara anahesabu vichwa. Mchungaji mwema anajua majina.

Ndugu zangu, dhambi nyingi za kampuni kubwa huanzia hapo: mtu anapogeuzwa namba. Tuangalie sehemu tatu.

Mfanyakazi

Miaka miwili tu kabla mkonge haujafika Tanga, tarehe 15 Mei 1891, Papa Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum. Alifundisha kwamba mshahara lazima umtoshe mfanyakazi kuishi kwa heshima, na kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana katika vyama vyao. Papa Leo XIV alipochaguliwa Mei 2025 aliwaeleza makardinali kwamba amechukua jina hilo hasa kwa sababu ya waraka ule. Kwa hiyo padre akihubiri kuhusu mshahara, hajaingilia siasa. Anafundisha imani.

Katekisimu (namba 1867) inataja dhuluma kwa mfanyakazi kati ya dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, sambamba na damu ya Abeli. Na namba 2434 inaziba mlango mmoja ambao mabosi wengi hupitia. Eti, "Si alikubali mwenyewe? Si alisaini?" Kanisa linajibu: makubaliano peke yake hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki. Mwenye njaa anasaini chochote. Mtakatifu Yakobo anasema ujira uliozuiliwa una sauti, unapiga kelele, na Bwana wa majeshi anazisikia kelele hizo.

Mteja

Nabii Amosi, sura ya 8, anawakemea wafanyabiashara wanaopunguza kipimo na kuongeza bei. Mkulima wa mahindi wa Handeni haelezwi maana ya somo hilo, analijua. Ameshajaziwa lumbesa: gunia limeshonewa kilemba juu, lakini linalipwa kama gunia moja.

Siku hizi mizani imehamia kwenye simu. Kijana ana shida ya haraka, anapakua programu ya mkopo, anabonyeza "kubali" bila kusoma. Akichelewa kulipa, mama mkwe, mwalimu wake na mwenyekiti wa jumuiya wanatumiwa ujumbe wa kumdhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Kukopa si dhambi, na kulipa deni ni wajibu. Ila anayekupa kamba huku akijua itakukaba, huyo hakukusaidia.

Yule mdogo

Mkonge una siri yake. Jani likishakatwa halisubiri. Linatakiwa lipite kwenye korona mapema, kabla halijakauka. Na katika kilo 100 za majani unapata singa kama kilo 4 tu, kwa hiyo mkulima mdogo hawezi kubeba majani yake akatafute korona ya mbali. Mwenye korona akiwa mmoja, ndiye mwenye bei. Ndiye anayeamua wa kutangulia na wa kungoja mpaka majani yake yaharibike. Hahitaji kuiba hata jani moja. Inatosha kuchelewesha.

Hapo kumbuka Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu alikuwa na mali nyingi, bado akataka na kale kashamba ka jirani. Lakini soma vizuri sura ile. Ahabu alilala kitandani amenuna. Yezebeli aliandika barua tu. Nabothi aliuawa na nani? Wazee wa mji walioitii barua, mashahidi wawili waliosema uongo, na watu waliorusha mawe. Kila mmoja alifanya kipande chake kidogo, na pengine kila mmoja alisema moyoni, "Mimi nimetumwa tu."

Kijana mwenzangu, hapa ndipo neno la leo linapotugusa. Wachache wetu tutamiliki kampuni. Wengi tutaajiriwa nazo. Nani anasoma mizani? Ni kijana. Nani anaandika mahudhurio na kufuta siku ya mtu? Ni kijana mwenye diploma. Nani anatuma ule ujumbe wa kumdhalilisha mdaiwa? Ni kijana kama wewe, amekaa mbele ya kompyuta, labda na rozari shingoni. Kampuni haina mikono, inatumia yako. Na kampuni haiendi kuungama. Siku ya kitubio hutamkuta mkurugenzi amepiga magoti kwa niaba yako.

Najua utasema, "Nikikataa nafukuzwa, na nyumbani wananitegemea." Ni kweli, na Mungu anajua ugumu huo. Simwambii mtu aache kazi kesho asubuhi. Ila kuna mambo tunayoweza kuyaanza.

Kwanza, jua haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na inataka upewe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Ukiachishwa kazi isivyo haki, una siku 30 za kupeleka lalamiko CMA. Usikae nyumbani unalia mpaka siku zipite.

Pili, usibaki peke yako. Wafanyakazi wa mkonge wa Mazinde waligoma mwaka 1958, enzi za mkoloni, na mtu mmoja asingeweza. Jiunge na chama cha wafanyakazi. Nasi tuna VIWAWA, na neno "wafanyakazi" limo ndani ya jina lenyewe. Tusikutane kwa kwaya na mpira tu. Tuulizane, "Mwenzetu umelipwa?"

Tatu, fanya kazi kwa uaminifu. Anayesaini saa mbili na kuingia saa nne naye anadhulumu.

Nne, rudisha. Zakayo alikuwa mtumishi wa mfumo mkubwa wa kodi. Yesu alisimama chini ya mkuyu akamwita kwa jina: Zakayo! Hakumwita mtoza ushuru. Na aliyeitwa kwa jina akawakumbuka aliowadhulumu, akaahidi kurudisha mara nne. Huo ndio wongofu unaogusa mfuko.

Wiki hii fanya jambo moja tu. Kazini kwako, dukani au shambani, chagua mtu mmoja ambaye watu humwita "wewe" au "kibarua". Muulize jina lake, kisha mwite kwa jina hilo.

Tusali: Ee Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, wewe ulimlisha Mwana wa Mungu kwa jasho lako. Utuombee sisi vijana wa Handeni na Korogwe, na wote wanaotafuta riziki. Wanaodhulumiwa wapate haki yao, wenye mamlaka wamwogope Mungu, na mikono yetu isitumike kamwe kumwumiza mdogo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.