Niacheni Nile Chapati Hadi Nipimwe

Tangu nitoke wodini, kila anayekuja kunijulia hali ananipa pole, anautazama mguu, kisha ananiamuru niache ngano. Wifi yangu ndiye aliyezidi. Alikuja Jumapili na bakuli la viazi vitamu, akakuta chapati mezani, akaiondoa kwa mkono wake. "Wifi, unataka kurudi hospitali?" Wiki nzima swali hilo halijanitoka. Limetoka kwenye mapenzi, na bado linanikera.

Mguu wenyewe ulianza kwa muwasho: vipele vidogo vyenye maji, magotini na viwikoni, kulia na kushoto, vinavyowasha usiku hadi usingizi unakatika. Nikapewa dawa ya upele, nikapewa ya fangasi. Nikajikuna hadi ngozi ikachubuka, na bakteria wakapata pa kuingilia. Goti likawa jekundu, likavimba, likawa la moto. Homa ikaja na kutetemeka. Mtaani wapo waliosema malaria, wapo walionong'ona kwamba nimetupiwa kitu. Hospitalini muuguzi alichora kwa kalamu mpaka wa ule wekundu pajani, ili waone kama unapanda. Ulipanda. Nikawekewa dripu za antibayotiki, mguu umeinuliwa juu ya mito, na asubuhi wekundu uliporudi chini ya mstari nililia mbele ya watu.

Daktari wa zamu ndiye aliyeniuliza nilichokuwa sijawahi kuulizwa: tumbo langu likoje, na kwa nini daftari langu la matibabu limejaa vidonge vya kuongeza damu mwaka hadi mwaka? Akautaja ugonjwa wa siliaki. Mwenye ugonjwa huo akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake huugeukia utumbo wake mwenyewe. Vinyweleo vya utumbo mwembamba vinavyofyonza chakula husinyaa, madini ya chuma hayaingii vya kutosha, damu inapungua. Kwa baadhi ya watu ugonjwa huo hujitokeza pia kwenye ngozi, vipele vya maji viwikoni, magotini na makalioni. Bakteria walioniangusha hawakutoka kwenye chapati, ila huenda chapati ndiyo iliyonifanya nijikune.

Neno langu ni hilo, huenda, na daktari alinisisitizia nisilivuke: niendelee kula ngano hadi damu ichukuliwe na, ikibidi, kifanyike kipimo cha kamera kinachotoa kinyama cha utumbo. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili. Ukiacha ngano, kingamwili hizo hupungua, utumbo huanza kupona, na majibu yanaweza kusema huna kitu wakati unacho. Ukitaka kupimwa upya, utalazimika kuila tena wiki kadhaa huku ikikuumiza.

Najua wifi atakachojibu: kama ukiacha unapona, kipimo cha nini? Ningemkubalia kama lingekuwa jambo la mwezi mmoja. Hili ni sharti la maisha. Mwenye siliaki anakatazwa hata unga wa mahindi uliopita kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano. Nani atalishika sharti la namna hiyo hadi uzeeni kwa kuhisi tu? Harusi ya kwanza, sambusa ya kwanza, atajiambia kidogo hakidhuru. Na kama muwasho una sababu nyingine kabisa, hakuna atakayeitafuta tena.

Wapo wanaosema huo ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli uhusiano wake na ngano ulionyeshwa na daktari wa watoto Mholanzi, Willem Karel Dicke, aliyekuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na katika njaa iliyoikumba Uholanzi mwaka 1944 na 1945 akaona wagonjwa wake wakipata nafuu mkate ulipoadimika, wakaumwa tena uliporudi. Lakini utafiti uliochapishwa 1999 kuhusu watoto wa Sahara Magharibi uliukuta kwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100. Hao ni Waafrika wenzetu. Nasi tuliokulia ugali, wali na mihogo, asubuhi zetu za mjini sasa ni mkate, andazi na chapati. Anayesema hautuhusu anieleze ni wangapi kati yetu wamewahi kupimwa. Vipimo vyenyewe havipatikani kila zahanati, na bei yake si ya kila mfuko. Hilo ndilo la kupigia kelele, kuliko chapati yangu.

Tena si langu peke yangu. Mgonjwa akithibitika, mzazi, mtoto au ndugu yake wa tumbo moja naye yumo hatarini, takriban mmoja kati ya kumi. Binti yangu analalamika tumbo tangu darasa la kwanza, na shangazi yake ameshaanza kumficha maandazi. Nimemwambia wifi amrudishie. Damu yangu inachukuliwa wiki ijayo. Nikikutwa nao, binti naye atapimwa, akiwa bado anakula mkate wake kama kawaida.