Kijana Asiye na Mahali pa Kulala

Msimu wa korosho ukiisha, vijana wengi wa Masasi na Newala hupanda mabasi yaendayo Dar es Salaam. Tangu daraja la Mto Rufiji lifunguliwe mwaka 2003 safari imekuwa nyepesi. Bali kufika mjini si kupata makao. Wako wapokelewao na ndugu, na wako walalao barazani na chini ya meza za sokoni. Nasi twawaita wahuni, kabla hatujauliza ni nani aliyewafungia mlango.

Tuwatazame wenzetu. Uingereza, mwaka 1969, kasisi wa Kianglikana Kenneth Leech alianzisha malazi ya vijana katika kanisa la Mtakatifu Anna, Soho, London. Nairobi, mwaka 1973, Padre Arnold Grol aliwaendea watoto wa mitaani, akaanzisha chama cha Undugu. Marekani ilitunga sheria mwaka 1974 ili fedha za serikali zisaidie nyumba za kuwapokea vijana waliotoroka kwao.

Sisi nasi tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Yamwagiza mzazi kumpa mtoto chakula, malazi na mavazi, nazo serikali za mitaa zapaswa kumlinda. Lakini mtoto, kwa sheria hiyo, ni aliye chini ya miaka 18. Je, aliyetimiza 18 jana, leo alale wapi? Sheria ya Uingereza ya mwaka 2017 yataka vijana waliolelewa na halmashauri wapate mshauri hata wafikie miaka 25.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Wamakonde, Wamakua na Wayao walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na dhamana ya mpwa wake. Msaada huo haukuwa na ofisi, wala haukuuliza umri. Leo mjomba naye amepanga chumba kimoja mjini. Hatumlaumu, mzigo wa ukoo mzima haubebwi na mtu mmoja.

Basi, wazazi, msimwache kijana aondoke kwa hasira bila kujua afikie kwa nani. Nanyi Wakristo wa mjini, jumuiya zenu ndogo ndogo na ziwe ukoo wake. Bwana wetu alizaliwa safarini, wazazi wake wakiwa wamekosa nafasi ya kulala. Kijana akibisha hodi usiku huu, tusianze kwa kumwuliza ana miaka mingapi.