Jirani Asiye na Kura Nyingi

Wajukuu zangu,

Juzi mlikaa kwenye benchi la kibanda changu hapa Ngara, Nairobi, mmoja wenu akasoma kwenye simu maneno ya chuki juu ya Wayahudi, na nyote mkacheka. Nilisimamisha mguu, cherehani ikanyamaza. Sikusema kitu kwa sababu mteja alikuwa anangoja suruali yake. Leo nasema.

Enzi za Idi Amin kule Uganda nilikuwa kijana kama nyinyi. Mwaka 1972 aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Septemba mwaka huohuo akampelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Habari ya kwanza iliutikisa mtaa huu, kwani Ngara ilikuwa ya Wahindi. Ya pili tuliipita tu. Wayahudi, tulidhani, ni watu wa ng'ambo.

Kumbe walikuwepo Mbale, Uganda, weusi kama sisi: Abayudaya, waumini walioanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Amin aliipiga marufuku dini yao. Wengine wakasilimu au wakabatizwa, wengine wakasali kwa kujificha, na alipoanguka mwaka 1979 walikuwa wamebaki mia chache. Walikuwa wamemkosea nini? Ugomvi wake ulikuwa na serikali ya Israeli, iliyokuwa rafiki yake majuzi tu. Waliolipa ni wakulima wa vilimani.

Gaza inaniuma hata mimi, na serikali yoyote mna haki ya kuikemea. Lakini serikali si jirani yako.

Teremkeni hadi mzunguko wa Globe, mshike University Way mpaka inapokutana na Uhuru Highway. Sinagogi liko pale kwenye kona. Wayahudi wa Nairobi wamesali hapo tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja wao, Israel Somen, alikuwa meya wa jiji hili miaka ya hamsini. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa, kwa hiyo nchi hii ni yao pia. Basi mwanasiasa akija hapa kuomba kura, muulizeni atawalinda vipi watu ambao kura zao zote hazitoshi kumpitisha hata kuwa mwakilishi wadi. Msikilizeni anavyojibu, na anavyokwepa.

Na wewe uliyesoma yale maneno, suruali yako iko tayari. Njoo uichukue peke yako, tuketi kidogo.