Ni Dhambi au ni Jeraha?

Wapendwa, kuna ndugu tuliyemsimamisha huduma. Alikuwa mpole, lakini baada ya ajali ya bodaboda akaanza kufoka na kusahau ahadi. Mimi mwenyewe nilisema amerudi nyuma. Hakuna aliyeuliza habari za kichwa chake.

Mwaka 1848 huko Marekani, chuma kilipenya fuvu la Phineas Gage, msimamizi wa kazi ya reli, kikaharibu sehemu ya mbele ya ubongo. Kidonda kilipona, lakini daktari wake aliandika kwamba amekuwa mtu wa matusi, asiye na subira. Waajiri hawakumrudisha. Hata hivyo, baadaye aliendesha magari ya farasi kwa miaka huko Chile.

Sehemu hiyo ndiyo breki ya ulimi na hasira. Breki ikikatika, tutamlaumu dereva peke yake? Sisemi matusi ni sawa. Mke wake na watoto wanaumia. Lakini kumkemea hakuponyi ubongo. Tumpeleke hospitali, tumkumbushe kwa upole, tumpe kazi ndogo yenye ratiba.

Juzi nilienda kumwomba msamaha. Alikuwa ameshasahau kosa langu. Mimi bado nalikumbuka. Bwana atusaidie.