Deni Letu kwa Bibi



Kila tunapomzika mwanamke mzee wa usharika, twasikia sifa nyingi. Watu wa jamaa husimama, wazee wa kanisa husimama, na kila mmoja husema: Alikuwa mama wa wote. Sifa hizo ni njema, na mara nyingi ni za kweli. Lakini yafaa tuulize neno moja: Je, kumsifu bibi aliyetutumikia ni kumlipa? Au twaweza kumsifu sana, na deni letu likabaki pale pale?

Nachukua mfano wa bibi yetu mzaa mama, aliyekaa katika nchi ya Buhaya. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa huko huko Kagera, katika hospitali ya Ndolage, iliyo ya kanisa letu. Miaka iliyofuata ugonjwa ule uliingia nyumba nyingi, ukawatwaa akina baba na akina mama walio katika nguvu zao, ukawaacha wazee na watoto wadogo. Basi mabibi waliotazamia kupumzika walianza kulea upya. Bibi yetu alizika mabinti wawili, akatwaa wajukuu watano. Alilima kibanja chake, akakata nyasi na kuzitandaza chini ya migomba, akauza kahawa apate fedha za madaftari. Wala hakuishia nyumbani kwake. Jumamosi alifagia kanisa. Tena jirani alipougua, na watu wakaogopa hata kumgusa, yeye alikwenda kumwogesha na kufua nguo zake. Hakuna aliyemwajiri, wala hakuna aliyemlipa.

Wako wadhanio kwamba kazi hizi ni za namna mbili: ya kanisani ni ya Mungu, na ya jikoni ni ya dunia tu. Daktari Martin Luther hakufundisha hivyo. Katika kitabu chake juu ya maisha ya ndoa, alichokitoa mwaka 1522, alieleza kwamba baba afuaye nguo za mtoto mchanga kwa imani, hata watu wakimcheka, kazi yake yampendeza Mungu. Basi uji waliopikiwa yatima nao ulikuwa utumishi wa Mungu. Tunapoandika habari za marehemu, tusiutaje ufagio wa kanisani na kukisahau chungu cha jikoni.

Mwingine atasema: Sisi twafundishwa kwamba mtu hahesabiwi haki kwa matendo, mbona mwayahesabu matendo ya bibi? Fundisho hilo ni kweli, wala hatulipunguzi. Bibi hakufua nguo za mgonjwa ili ainunue mbingu, maana neema alikwisha kuipokea bure. Mungu hana haja na matendo yetu. Jirani ndiye mwenye haja nayo. Nasi twayataja ili ijulikane ni nani aliyefaidiwa, na aliyefaidiwa anadaiwa nini.

Na hapa ndipo penye uchungu. Wahenga walisema, Aisifuye mvua imemnyea. Sisi tunaomsifu bibi tulikula kwake, tukavikwa, tukasomeshwa. Lakini shamba lililopata mvua hutazamiwa kuzaa. Tena mara nyingine twamsifu mtu kwa kazi zake nyingi kwa sababu zilitupa nafasi ya kukaa kitako. Aliyemwita shujaa kwa kulea yatima watano, je, alimpelekea mkungu mmoja wa ndizi? Aliyesema kwamba bibi hakuchoka kamwe, je, alipata kumwuliza kama amechoka? Sifa ya namna hiyo ni pazia la uvivu.

Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, mlango wa 5, awaagiza watoto na wajukuu wa mjane wajifunze kwanza kuwatunza watu wa nyumbani mwao na kuwarudishia wazazi wao. Maana yake malipo yaanze mzee angali hai, akiweza kuonja chakula na kusikia salamu.

Lakini aliyekwisha kufa tutamlipaje? Tukumbuke habari za Tabitha wa Yafa, katika Matendo ya Mitume, mlango wa 9. Alipokufa, wajane walisimama wakilia, wakimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Ushuhuda wake ulikuwa juu ya miili ya maskini. Vivyo hivyo deni letu kwa bibi halikuzikwa pamoja naye; limehamia kwa wale aliowatumikia. Yatima yupo, mgonjwa yupo, na kanisa lataka kufagiliwa Jumamosi. Tena wako mabibi wengi walio hai, waleao wajukuu hata leo kwa jembe moja.

Kwa hiyo, waalimu na wazee wa sharika, mnaposoma habari za marehemu, msiishie katika kuzitaja kazi zake. Ulizeni mbele ya watu wote: Kazi hii sasa ni ya nani? Wala vijana wa kiume wasidhani kwamba swali hilo ni la dada zao peke yao. Anayemkumbuka bibi kwa kweli huliokota jembe lake pale lilipoanguka.

Bwana wetu, aliyejifunga kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu, atupe mikono ya kutenda kama alivyotupa vinywa vya kusifu. Amin.