Nzige wa Jirani

Huko Maruku, karibu na mji wa Bukoba, ikifika Novemba watu hutazama juu kwa furaha. Senene wakishuka, wanawake na watoto hutoka kuwaokota, wakawanyonyoa mbawa na miguu, wakawakaanga na kugawiana na jirani. Kwa mtu wa Maruku, mdudu aliyeshuka kutoka angani ni riziki.

Lakini katika Tanzania hiyo hiyo, kwenye mbuga za Rukwa na Katavi, mkulima akiona wingu la wadudu hushika kichwa. Huko ndiko mazalio ya nzige wekundu. Baada ya mwaka 1930 nzige hao walienea Mashariki na Kusini ya Afrika, na balaa lao halikwisha ila katikati ya miaka ya 1940.

Jee, ni haki kodi ya mtu wa Maruku, mwenye migomba yake na senene wake, itumike kuwaua nzige wa Rukwa?

Wako wasemao kuwa nzige ni jeshi la Mungu, basi tumwachie Mwenyewe. Hao wakumbuke kisa cha Sayyidna Umar. Alipopata habari njiani kuwa Sham imeingia tauni, alirudi. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa anaikimbia kuiendea kadari nyingine ya Mungu. Dawa nayo ni kadari.

Wengine husema: tungoje, wakituharibia tutasaidiana. Maneno haya yana sura ya huruma, lakini tuyapime. Kundi la nzige wa jangwani lililoenea kilomita moja ya mraba huweza kula kwa siku moja chakula cha watu 35,000. Walipoingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019, watu walipiga madebe na kelele kuwafukuza. Debe humhamisha nzige kutoka shamba lako kwenda la jirani, halimwui.

Sasa tutazame mwaka 2009. Nzige wekundu walipozidi Rukwa, Katavi na Malagarasi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na shirika la nchi zetu la kupambana na nzige hao walipeleka ndege. Zilinyunyiza namna ya kuvu inayomwua nzige bila ya kumdhuru tembo wala kiboko wa mbuga zile. Eneo lililonyunyizwa lilifika hekta 10,000, na balaa likazimwa kwao huko huko. Wangapi kati yetu walisikia?

Na hapa ndipo penye mtihani. Msaada uliowahi hauonekani. Hapana mtoto mwenye njaa wa kupigwa picha, wala wa kutushukuru. Aliyesalimika hajui kuwa aliokolewa. Huvuna, hula, na hutoa zaka kwa mkono wake mwenyewe. Sisi twapenda kumngoja mtu avuliwe nguo ndipo tumvishe mbele ya watu. Jee, hapo twampenda yeye, au twaipenda sadaka yetu?

Wazee walisema: mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Wengi wetu huyatia maji kichwa chetu, tukakaa kungoja zamu. Kwa nzige, bora kumwendea mwenzio na kuushika wembe ungali kwake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kutoa mapema, hata pasipo wa kutuona.